Kalipa Nyekundu Hazisimamishi Gari

Wengi wenu mlinijua kwa ile video ya kalipa nyekundu. Ile nimelaza simu chini karibu na gurudumu la mbele, gari linasogea polepole, na kalipa inachungulia baina ya spoku za rimu, nyekundu kama pilipili. Chini nikaandika "breki mpya, tuone sasa". Mpaka leo sina video iliyotazamwa kuishinda hiyo. Watu waliuliza bei, waliuliza fundi ni nani, na mmoja aliuliza kama ni Brembo. Nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka, jibu ambalo si ndiyo wala si la.

Sasa nasema. Hazikuwa mpya. Zilikuwa kalipa zile zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazipulizia rangi ya kuhimili joto, kopo moja, shilingi 900. Pedi sikubadilisha. Maji ya breki sikuyagusa, wala sijui aliyenitangulia aliyabadilisha lini.

Gari lenyewe mwalijua: Forester ya tabo, SG5, ya 2005, lita mbili. Wenye Impreza huwa wanatucheka kwamba tunaendesha gari la kubeba viazi, lakini injini ni ya ukoo mmoja. Na mapenzi haya ya Subaru hayakuanza na sisi watoto wa simu. Wazee wetu waliona Colin McRae akishinda Safari Rally ya 1997 ndani ya Impreza ya buluu, na waliona Patrick Njiru, Mkenya wetu, akizipeleka Subaru kwenye matope na vumbi miaka hiyo ya 90. Ule mngurumo umetuingia hata sisi ambao 1997 hatukuwa tumezaliwa.

Basi nilipopata gari, orodha yangu ilikuwa kama ya kila mtu. Kwanza ekzosi, ili Mji wa Kale mzima ujue nimerudi nyumbani. Pili rimu. Tatu nikaenda kwa jamaa akanichezea kompyuta ya gari, tabo ikaanza kusukuma zaidi. Breki zikaja za nne, na zilipofika zamu yao zikapata rangi.

Mwezi mmoja hivi baada ya ile video tukapanda Wundanyi, mimi na wenzangu watatu, kupiga picha. Ukitoka Mombasa ni mwendo wa barabara kuu hadi Voi, kama kilomita 150, halafu unakata kushoto kwenda Mwatate, na kutoka Mwatate barabara inaanza kupanda Milima ya Taita kwa kona za kukunja shingo. Kupanda kulikuwa raha tupu. Tabo inapiga mluzi, hewa ya baridi, video nzuri kweli.

Kushuka ndiko kulikonifunza. Nilikuwa nashuka na gia ya nne, mguu uko kwenye breki kila kona, kwa sababu wenzangu walikuwa wanarekodi na nilitaka nionekane naingia kona na kasi. Kona ya sita au ya saba hivi nikasikia harufu. Mmoja nyuma akauliza nani anachoma plastiki. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, pedali ikashuka laini kama naukanyaga mto wa kulalia, ikafika chini kabisa, na gari halikufanya lolote la maana. Nikashusha gia, ya tatu, ya pili, injini ikalia kama yapasuka, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, tukasimama upande wa mlima, si upande wa bonde. Hakuna aliyesema kitu. Moshi ulikuwa unatoka magurudumu ya mbele, na zile kalipa nyekundu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya damu ya mzee.

Tukakaa pale nusu saa. Pedali ikarudi. Nikaikanyaga mara tano, mara sita, ikawa ngumu kiasi. Nikasema imepona, tukashuka kwa gia ya pili hadi Mwatate na mpaka leo ile sehemu ya video haijawahi kutoka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, na kuna vitu vichache vilivyobaki kichwani. Kimoja ni kwamba nguvu ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake mara kasi yake mara kasi tena. Maana yake, ukiongeza kasi mara mbili, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Chukua gari la kilo 1,500 na watu ndani, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Kulisimamisha ni kuondoa nguvu ya karibu kilojuli 580, na breki haina mahali pa kuitupa nguvu hiyo ila kuigeuza joto. Ni joto la kutosha kuchukua lita mbili za maji ya mfereji wa Mombasa hadi yachemke. Kusimama mara moja tu, kwa sekunde chache, umechemsha birika. Sasa shuka mlima, kona baada ya kona, uone ni mabirika mangapi ile diski na zile pedi zimepikishwa.

Na haya maji ya breki nayo yana siri ambayo sisi wa pwani twapaswa kuijua kuliko watu wa bara. Yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 230. Ikishakunywa unyevu, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155, na DOT 3 iliyozeeka ni 140. Sisi tunaishi mahali ambapo chumvi ya jikoni inaganda kwenye kikopo na nati ya gari inashika kutu ukiitazama tu. Maji yakichemka ndani ya bomba yanatoa mvuke, na mvuke unakandamizika, maji hayakandamiziki. Wewe unakanyaga, unaukandamiza mvuke, pedi haipati habari. Ndio ule mto wa kulalia.

Haya yote niliyajua. Ndilo linaloniuma. Sikuwa mjinga wa kitu hiki, nilikuwa nimeshakiandika kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lakini niliporudi Mombasa gari lilikuwa linasimama, pesa zilikuwa zimeshapangiwa intakula mpya, na wiki tatu zikapita.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natoka nyumbani. Mnaokaa huku mwajua Marikiti ilivyo saa hiyo. Malori ya matunda yameshashusha, mahamali wanakimbizana na mikokoteni, akina mama wanapanga mchicha chini, mtu wa kahawa anagonga vikombe, na Digo Road bado haijajaa matatu, kwa hiyo mwenye gari hudhani barabara ni yake. Sikuwa naenda mbio. Walahi sikuwa naenda mbio, 40 hivi, na ekzosi inanguruma kwa sababu ndio kazi yake.

Mkokoteni ukatoka upande wa sokoni, umejaa mihogo. Nikakanyaga. Kwenye 40, kila sekunde gari linakula mita 11, na sekunde moja ya kwanza huwa ni ya kushtuka tu. Pedali ikashuka zaidi ya ilivyotakiwa, gari likaanza kupunguza kwa uvivu, nikaona kabisa kwamba halifiki. Nikakata usukani. Bampa ikagonga ubavu wa mkokoteni, gurudumu moja likachomoka, mihogo ikamwagika barabara nzima hadi mbele ya maduka ya viungo.

Hamali alikuwa ameruka. Ni mzee, ana miaka sitini na kitu, na si mgeni kwangu. Tangu niko madrasa ndiye anayembebea bibi yangu unga na mchele siku za karibu na Idi. Alisimama pale mikono bado imejikunja kama imeshika mti wa mkokoteni. Nikashuka nikitetemeka.

"Shikamoo mzee. Nisamehe mzee wangu, breki zimenikatalia."

"Marahaba," akasema. Hakunitukana. Watu walikuwa wameshaanza kunitukana kwa niaba yake. Akaangalia gari, akainama akaangalia gurudumu, akaiona ile kalipa. "Si watoto wasema umetia breki mpya?"

Sina la kujibu mpaka leo.

Tukaokota mihogo, mimi na vijana wa pale. Wakati tunalirudisha gurudumu la mkokoteni nikaona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukiangalia. Nyuma, chini ya mkokoteni, kuna kipande cha tairi kuukuu kimepigiliwa. Ndiyo breki yake. Akiteremka na mzigo kuelekea Bandari ya Zamani, huinua mikono ya mbele juu, mkokoteni ukalala nyuma, ule mpira ukasugua chini. Nikaugusa. Ulikuwa mzima, mnene, misumari mipya.

"Huo nimeutia wiki iliyopita," mzee akasema. "Ule mwingine ulikuwa umebaki kidole."

Nililipa mihogo na gurudumu. Bibi alipopata habari, na alizipata kabla sijafika ngazini, hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwanangu, lau angekufa ungemwambia nini mkewe? Kuwa rangi ilikuwa nzuri?" Kisha akaingia jikoni.

Jumatatu nikapeleka gari kwa fundi, gereji moja Majengo, chini ya mwembe, hakuna bango. Nikamwambia nataka Brembo za STI. Fundi akaniuliza, "Wewe wataka gari isimame, ama wataka ipigwe picha?" Akatoa magurudumu. Pedi zilikuwa zimeng'ara juu kama kioo, zimeungua zikawa gumu, hazishiki. Diski ilikuwa na nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Akafungua skrubu ya kutolea hewa, maji yakatoka meusi kama kahawa chungu, na mapovu. Pini za kalipa upande wa kushoto zilikuwa zimekwama kwa kutu, na juu ya kutu kuna rangi yangu. Ndiyo, nilizipaka rangi na pini zake, nikasaidia kuzigandisha.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wengi, na mimi mmoja wao, tunaanza ngazi kutoka juu. Kalipa kubwa ni kitu cha mwisho. Fundi alinipa mpangilio wake, na nimeuangalia mara nyingi tangu hapo, sijauona makosa. Tairi kwanza, kwa sababu breki haisimamishi gari, breki inasimamisha gurudumu, na kinachosimamisha gari ni mpira kushika lami. Kama breki zako za kawaida zinaweza kulifunga gurudumu hadi ABS inatetemeka, basi kwa kusimama mara moja una breki za kutosha tayari, na hata ukifunga za ndege hautasimama mapema zaidi. Tairi zangu zilikuwa zile ngumu za bei rahisi, nimenunua kwa sababu pesa zilikwisha kwenye rimu. Ucheke, ulie.

Baada ya tairi ni maji, halafu pedi nzuri, halafu diski. Na kalipa je? Kazi yake hasa iko kwenye mara ya kumi, si mara ya kwanza. Kalipa ya kawaida ina pistoni upande mmoja tu, inasukuma pedi ya ndani, halafu mwili wote unateleza juu ya pini kuivuta pedi ya nje. Pini zikikwama, kama zangu, pedi moja inafanya kazi na nyingine inatazama. Zile za pistoni nne, ambazo Subaru walizifunga kwenye Impreza WRX, zimefungwa imara, hazitelezi, pistoni mbili huku na mbili huku, zinaibana diski sawasawa na zinavumilia joto vizuri zaidi. Na zinakubali Forester yangu na diski ile ile ya milimita 294, chini ya rimu ile ile ya inchi 16. Brembo za STI zina diski kubwa zaidi, zinataka rimu isiyopungua inchi 17. Maana yake rimu mpya, tairi mpya tena, na fundi akaongeza kwamba ukikuza mbele sana ukaacha nyuma na masta silinda vilivyo, mizani ya gari inaharibika, mbele inafanya kazi yote na pedali inabadilika.

Nikanunua za pistoni nne, zilizotumika Japani. Fundi alizifungua zote, akatoa kila pistoni, akatia raba mpya. Hapa usifanye haraka. Kalipa ya mtumba yaweza kuwa imepigwa rangi ikang'aa kama mpya, na ndani pistoni imeoza. Mimi nazijua rangi. Ukiuziwa, sukuma pistoni, angalia raba, angalia nyuzi za ile skrubu ya hewa. Muuzaji akikataa uguse, nenda zako. Diski mpya nne, pedi mpya nne kona zote, hozi za mbele mpya kwa sababu za zamani zilikuwa zimepasuka, DOT 4 mpya. Intakula niliuza kabla haijafungwa.

Kisha kuna kitu watu hawapendi kukifanya kwa sababu hakina picha nzuri: kuzilainisha pedi kwenye diski. Jumapili alfajiri nikaenda barabara ya Dongo Kundu, ambako kuna nafasi, na nyuma yangu hakuna mtu. Unakwenda hadi 80, unapunguza kwa nguvu lakini bila kusimama kabisa hadi 20 hivi, unapanda tena, mara kumi. Halafu unaendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama na kukanyaga pedali zikiwa moto, pedi inaacha alama mahali pamoja na baadaye usukani utatetemeka, utadhani diski imepinda.

Tofauti? Nitawaambia ukweli ambao hautauza spea. Nikisimama ghafla mara moja mjini, nilichokihisi zaidi ni tairi. Lakini nilirudi Wundanyi, peke yangu, bila kamera. Nikashuka kwa gia ya pili na ya tatu kama mtu mwenye akili, breki nikizitumia kwa vipindi, na kona ya mwisho pedali ilikuwa pale pale ilipokuwa kona ya kwanza. Basi. Sina video ya hilo, na hata ningekuwa nayo ingekuwa video ya mguu.

Kalipa mpya ni rangi ya chuma, chafu chafu. Wiki iliyopita muuzaji mmoja wa vipambo vya magari alinitafuta. Ana vile vifuniko vya plastiki vya kubandika juu ya kalipa, vyekundu, vimeandikwa jina kubwa la breki. Aliona ile video ya zamani. Dau lake lingenilipia kodi ya miezi miwili, na msidhani nina kodi ya miezi miwili imekaa mahali. Nilikaa nalo siku moja nzima kabla sijakataa, siyo dakika moja. Plastiki juu ya kitu ambacho kazi yake ni kutoa joto, jamani. Hata rangi yangu ilikuwa na aibu kidogo kuliko hiyo.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba ni rangi tu, na nimeweka kiungo cha posti hii. Nafikiri nikiifuta nitakuwa nimeficha mara ya pili. Na kuna kijana wa Likoni aliyeniandikia kwamba alipaka zake baada ya kuziona zangu, akaniuliza ni maji gani ya breki nilitumia. Kijana, kama wasoma hapa, sikutumia chochote. Usisubiri wiki tatu. Toa gurudumu leo, pitisha mkono kwenye pini uone kama kalipa yateleza, na yale maji yakiwa meusi usiendeshe kwenda kokote ila kwa fundi.

Mzee bado yuko Marikiti na mihogo yake. Tunasalimiana kila asubuhi. Ila nikiwa ndani ya gari, hata nikisimama kabisa nikamwashia taa kwamba apite, hapiti. Huweka mkokoteni chini, ananipungia mkono, na kusubiri mpaka mimi nipite kwanza.